Mwezi wa Nyumbani, Jua la Ugenini

Mwaka ule Idi ilifuatana na mwaka mpya wa Wachina, na Guangzhou nzima ikafungwa. Maduka ya nguo ya jumla ya Zhanqian Road, ambayo siku nyingine huwezi kupita bila kugongwa na mkokoteni, yalishusha milango ya chuma na kubandikwa karatasi nyekundu. Wafanyakazi walipanda treni wakaenda makwao. Viwanda vilizimwa. Sisi Watanzania kumi na wanne tuliokuwa katika hoteli moja ya Huanshi Zhonglu tulibaki na mizigo nusunusu, tukisubiri nchi iamke.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza uhandisi katika chuo kimoja cha kaskazini, kwa Kichina, miaka sita ya baridi na kabichi, na badala ya kurudi nyumbani kujenga madaraja nikawa mkalimani wa wafanyabiashara wa Kariakoo. Kazi yenyewe ilikuwa kusema "punguza" kwa Kichina na kurudi kusema "amekataa" kwa Kiswahili. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuja mwezi wa Ramadhani kununua mapazia na vyombo. Tulilala chumba kimoja, ghorofa ya tano. Mama alinipigia simu kabla dada yake hajafika akaniambia jambo moja tu: "Huyo ana sukari. Nirudishie akiwa anatembea."

Mama mkubwa alikuwa na lake. Mwaka uliotangulia Ramadhani ilimkuta hospitali, na wa kabla ya huo alifunga siku tisa akaanguka. Sasa alitaka mwezi mmoja mzima. "Mmoja tu, mwanangu," aliniambia usiku wa kwanza, akipanga vidonge vyake kwenye kitambaa. "Nifunge mwanzo mpaka mwisho, siku zote, nisidaiwe hata moja. Baada ya hapo Mungu akinichukua, anichukue."

Nilimwambia kwamba dini yake mwenyewe imemsamehe mgonjwa. Akasema anajua. Nikamwambia daktari amekataza. Akasema daktari naye anajua. Miye nilikuwa sifungi. Nilikuwa nimeacha kufunga mwaka wa pili wa chuo, baada ya kujiuliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia, seuze kuyajibu. Lakini mbele ya watu wa nyumbani sikuwa na ujasiri huo. Kila mchana nilitoka na yai la kuchemsha mfukoni, nikaenda kulila kwenye ngazi za dharura kati ya ghorofa ya tano na ya sita, nikazika maganda kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

Mpaka siku ya ishirini na nane alikuwa hajakosa hata moja. Siku ya ishirini na tisa, Jumamosi, alianguka.

Hakuanguka vibaya. Alikuwa anapanda ngazi kwa sababu lifti ilizimwa kwa sikukuu, akafika ghorofa ya tatu, miguu ikakataa. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, kanzu imelowa jasho katika baridi ya mwezi wa pili, mikono inamtetemeka. Dada wa ghorofa, yule mhudumu wa Kichina aliyetuletea chupa za maji ya moto, alikuwa amemshika bega. Kwao huyo dada kulikuwa mbali mno kwa likizo ya siku tatu, kwa hiyo alibaki na sisi. Alikuwa amemchanganyia maji ya sukari kwenye kikombe. Mama mkubwa aliufunga mdomo wake kama mtoto anayekataa dawa.

"Kunywa," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Kunywa, mama."

"Yamebaki masaa matatu," akasema. "Nimengoja siku ishirini na nane, nishindwe na masaa matatu?"

Hakunywa. Tulimpandisha, mimi upande huu na dada wa ghorofa upande ule, tukamlaza. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimtazama akipumua, na hasira iliyonishika haikuwa na mtu wa kuiangukia. Nilimkasirikia yeye. Nikaikasirikia lifti. Nikakikasirikia kile kikombe cha sukari kilichosimama juu ya televisheni hakina kazi.

Alifuturu salama, kwa tende na uji wa mchele, na rangi ikamrudia. Alikuwa anacheka. "Ishirini na tisa hizo," akasema. "Kama mwezi umeandama, nimemaliza. Nenda kwa Alhaji kaulize."

Huyo Alhaji hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kusomea hotuba, na simu ya chumbani kwake ndiyo pekee iliyofunguliwa kupiga nje ya nchi. Ukiwa ugenini, mwenye simu ndiye serikali. Wanaume wote walikuwa wamejaa chumbani kwake, wengine vitandani, wengine sakafuni, sahani za futari zimezagaa. Dirishani kulikuwa na mawingu ya Guangzhou ya majira yale, mazito kama blanketi la jela. Toka nije mji ule sikukumbuka kuona mwezi angani, mwandamo wala mpevu, ndani ya Februari.

"Alhaji, mama mkubwa anauliza habari ya mwezi."

"Mwambie asubiri. Nyumbani sasa ni mchana. Wakishatazama, nitapiga simu. Alfajiri nitawaambia."

"Msikiti wa hapa umeshatangaza. Kesho wanaswali."

"Hao wana kalenda yao."

"Kalenda yao ni sahihi," nikasema. Mbele ya mlango kulikuwa na kalenda ya Kichina ya kuchana, ile yenye karatasi moja kwa siku, nikaionyesha. "Mwezi wa Kichina unaanza siku mwezi unapozaliwa. Umezaliwa jana. Leo jioni umeshavuka siku nzima. Mawingu yasingekuwepo, hata mtoto angeuona."

"Ungeonekana," akasema Alhaji, "si umeonekana. Na sisi hapa wageni. Tunafuata nyumbani."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. "Mmefuturu saa ngapi leo?"

"Jua lilipozama."

"Jua la wapi?"

Alhaji akatazama dirishani, nami nikaendelea.

"Kama mnafuata nyumbani, fuateni na jua lake. Nyumbani jua linazama hapa ikiwa karibu saa sita ya usiku. Mbona tumbo mmelifungulia kwa jua la Guangzhou, halafu mwezi mnautaka wa Dar es Salaam?"

Mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Mkristo wa Moshi, muuza redio, ambaye alikuja kula futari kila siku bila kukosa, kwa bidii kuliko waliofunga, akapiga goti lake. "Ndugu zangu, njooni kwetu. Pasaka yetu imechapwa kwenye kalenda ya benki. Hakuna mtu anatoka nje kutazama kitu."

"Wewe kula ubwabwa wako," akaambiwa.

Alhaji hakucheka. "Injinia," akaniita, na neno lile alilisema kama mtu anavyosema jina la ugonjwa, "dini haipimwi kwa rula. Kwanza wewe mwenyewe unafunga?"

Niliondoka.

Kwenye ukumbi nilisimama nikipumua. Nilichokiona mbele yangu ni ngazi za ghorofa ya tatu na mikono inayotetemeka. Kesho kungekuwa na siku ya thelathini. Wanaume kumi wazima wangengoja simu, na mwanamke mmoja mgonjwa angengoja pamoja nao, kwa sababu mwenye vitenge amesema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza mama mkubwa anaendeleaje. Walikuwa wamesikia ameanguka. Wote walisikia.

Alfajiri, saa kumi na nusu, mama mkubwa aliamka mwenyewe. Aliwasha taa akaweka mkate na maziwa mezani, akaniambia, "Nenda kaulize kabla sijaanza kula. Nijue nakula daku au nakula kifungua kinywa."

Nilitoka. Chumba cha Alhaji kilikuwa mlango wa nane kutoka kwetu. Nilitembea mpaka dirisha la mwisho wa ukumbi, nikasimama mbele ya mlango wake, uliokuwa karibu na dirisha hilo, bila kuugonga. Ndani palikuwa kimya. Nilihesabu mpaka mia moja, polepole, nikiangalia taa za barabara kubwa isiyo na gari hata moja. Kisha nikarudi.

"Umeandama," nikasema.

Alinikamata uso kwa mikono miwili. "Alhaji kasema?"

"Nyumbani wameuona."

Akaanza kulia na kucheka pamoja. Aliinama pale pale kati ya vitanda akasujudu. "Nimemaliza," alikuwa anasema chini chini, "nimemaliza, nimemaliza." Nilimtazama mgongo wake na sikuona haya. Nasema ukweli. Niliona nimefanya jambo la akili. Hesabu zilikuwa upande wangu, na msikiti wa mji, na mwezi wenyewe nyuma ya mawingu. Nilijiambia kwamba nimesema kweli, ila nimemtaja shahidi ambaye sikumwona.

Alioga, akavaa gauni la kijani alilolileta maalumu, akajitanda ushungi mweupe. Aliniomba nimpake wanja. Tulishuka ngazi taratibu, tukapata teksi baada ya kungoja sana, tukaenda kwenye msikiti wa zamani wenye mnara, mjini kati. Miche ya michungwa midogo ilikuwa imepangwa kwenye milango ya watu njia nzima kwa ajili ya mwaka wao mpya, na mama mkubwa aliniuliza kama imepangwa kwa ajili ya Idi. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimeshapata mkono wa kudanganya.

Uani palijaa. Wanaume kofia nyeupe, wanawake vitambaa vyeupe, wengi watu wazima. Walitutazama, kisha wakatupisha mbele. Bibi mmoja wa Kichina, mfupi kama mtoto wa darasa la nne, alimshika mama mkubwa mkono akamwambia "Salaam" na hakuuachia mkono ule mpaka swala ilipoanza. Hawakuwa na neno lingine la pamoja, lakini hilo moja lilitosha. Walilirudia mara nyingi. Baada ya swala waligawa mikate bapa ya kukaangwa kwa mafuta, moto moto. Mama mkubwa alitafuna akafumba macho.

"Andazi hili," akasema. "Mwanangu, andazi kabisa! Wamelikanyaga tu."

Alikula mawili. Akapewa na mengine sita ndani ya karatasi ayachukue. Ndani ya teksi ya kurudi alikuwa anapanga atakayempa: hili la dada wa ghorofa, hili la Mkristo wa Moshi, hili la Alhaji.

Walikuwa chini, mapokezini, kama sita au saba, wameketi kwenye makochi ya ngozi bandia wakiua muda. Midomo mikavu. Niliwaona kabla yeye hajawaona, na nikafikiri kumgeuza, lakini alishatangulia na karatasi yake ya maandazi mkononi.

"Idi njema, jamani!" akasema. "Mbona mmekaa kama matanga? Hamkwenda kuswali?"

Alhaji alimtazama gauni, akatazama karatasi iliyotota mafuta.

"Idi ya wapi hiyo, Bi mkubwa?"

"Si umesema mwezi umeandama?"

"Nimemwambia nani?"

Mama mkubwa alianza kutabasamu, kama mtu anayejua kwamba anataniwa. Kisha akaona nyuso.

"Nyumbani haukuonekana," akasema Alhaji. "Leo thelathini. Tumefunga sote. Idi kesho." Kisha akaongeza, kwa ile sauti ya hotuba, wote wasikie: "Umekula siku ya Ramadhani, Bi mkubwa. Itabidi uilipe. Ndiyo hasara ya kumfuata mtoto asiyefunga."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mkristo wa Moshi alisimama kati yetu. Lakini mama mkubwa hakumtazama Alhaji, alinitazama mimi. Hakuniuliza kitu. Aliikunja ile karatasi ya maandazi, mara moja, mara mbili, akaiweka taratibu kwenye meza ya mapokezi, akaanza kupanda ngazi mwenyewe. Nilipomfuata akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. Nikasimama.

Nilipofika chumbani baadaye alikuwa amevua gauni la kijani. Alikuwa amekaa kitandani na kanzu ya jana. "Sili tena mpaka jua lizame," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa kwa aliyekula kwa kukosea."

"Vidonge vyako?"

"Nimesema sili."

Nilishuka ngazi nne nne. Sasa hasira ilikuwa na mtu. Nilitaka kumpigia baba mkubwa, mume wake, Dar es Salaam, nimweleze, ili amwamuru anywe dawa. Nilimwomba msichana wa mapokezi aniunganishe nje ya nchi.

"Haiwezekani," akasema. "Swichibodi imefungwa toka Alhamisi. Fundi amekwenda kwao. Vyumba vyote haviwezi kupiga nje."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na chumba cha ghorofa ya tano? Cha yule mzee mwenye ndevu? Amepiga jana usiku."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Toka Alhamisi," akarudia. "Hajapiga mtu."

Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sauti, na yule msichana akarudi nyuma kidogo.

Posta kubwa karibu na stesheni ya treni ilikuwa wazi dirisha moja. Nilipanga foleni na watu wanaopigia wazazi wao salamu za mwaka mpya, wote wakipiga kelele kwenye vibanda vya vioo. Nilipompata baba mkubwa ilikuwa saa nane mchana kwetu, saa tatu asubuhi kwake, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na vyombo.

"Idi njema!" akapiga ukelele. "Ndiyo tumetoka kuswali sasa hivi!"

"Kwa hiyo mwezi umeonekana?"

"Umeonekana, umeonekana. Walitangaza usiku. Ila jirani zetu wa msikiti wa pili wamefunga, wanasema hawakuridhika na mashahidi. Nusu ya mtaa inakula, nusu inatukunjia uso. Si unatujua? Mama yako mkubwa hajambo? Kamaliza mwezi wake?"

Nilisema kamaliza. Sikumwambia jambo la vidonge. Nilikuwa nimeshasahau nilichompigia, kwa furaha. Nilirudi hotelini karibu nakimbia, Huanshi Zhonglu yote tupu mbele yangu, na nilikuwa na ushahidi wa kila namna. Mwezi ulionekana. Mume wake mwenyewe amekula Idi. Na Alhaji ni mwongo.

Nilimkuta Alhaji ukumbini akitia udhu kwenye sinki la kufulia.

"Alhaji, jana ulipiga simu na nini?"

Aliendelea kuosha mkono, mara ya tatu.

"Swichibodi imefungwa toka Alhamisi. Ulipiga na kiatu?"

Alifunga maji. Kwa mara ya kwanza alizungumza bila hotuba. "Nilijaribu. Haikutoka. Nimejaribu mpaka saa tisa."

"Kwa nini usiseme?"

"Watu kumi na watatu wananingoja mimi. Niwaambie sijui? Thelathini ni salama, binti. Mwezi usipoujua, unakamilisha thelathini. Hiyo ndiyo sheria, hata kwenye vitabu."

"Basi ungewaambia hivyo! Kwamba hujui!"

"Na wewe," akasema, akijifuta ndevu, "mbona hukumwambia kwamba hujagonga mlango? Nilikusikia. Nilikuwa macho. Nilikuona chini ya mlango miguu yako imesimama."

Nilimwacha pale. Nilitaka kufika chumbani. Niliingia nikamweleza mama mkubwa yote kwa pumzi moja. Baba mkubwa ameswali. Mwezi umeonekana. Alhaji hakupiga simu yoyote, alijitungia. "Kwa hiyo umekamilisha, mama. Ishirini na tisa ni mwezi mzima. Hudaiwi. Kunywa dawa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda usoni tangu asubuhi, au niliona hivyo.

"Alhaji amesema asichokijua," akasema.

"Ndiyo!"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa sahihi!"

"Umejua saa ngapi kwamba ulikuwa sahihi?"

Nikaitazama saa yangu ya mkononi.

"Alfajiri ulikuwa unajua?"

"Nilijua kwa hesabu."

"Sikukutuma hesabu. Hesabu uliniambia jana, nikaisikia. Nilikutuma mlangoni kwa mtu." Alizungumza taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia wazimu. "Baba yako mkubwa kaambiwa na watu waliouona. Akikosea, wamekosea wote, Mungu anajua. Mimi nimeambiwa na nani?"

"Ulikuwa unakufa kwenye ngazi!"

"Nilikuwa nimechoka kwenye ngazi. Ruhusa ya mgonjwa ninayo, miaka yote ninayo, ningeitaka ningeichukua. Ungeniambia, mama, naogopa, kesho usifunge kwa ajili yangu, labda ningekubali. Sijui. Hukuniuliza." Alizishika ncha za kanzu akazinyoosha juu ya magoti. "Mayai yako unayokula ngazini nayajua toka wiki ya kwanza. Unanuka yai, mwanangu, ukirudi. Nimekusema? Nimempigia mama yako? Nikasema, huyu mtu mzima, ana akili yake, ajuane na Mola wake. Nikakuachia. Wewe mimi hukuniachia."

Nilimjibu. Nilisema mambo mengi: kwamba wanaume wale wamemfanya mtumwa, kwamba mwezi hauna uraia, kwamba nilimwokoa. Baadhi ya mambo hayo nayaamini mpaka leo. Yeye aligeukia ukutani. Alikunywa vidonge vyake jua lilipozama, si kabla.

Jumatatu wanaume walifanya Idi yao. Msikiti ulikuwa umeshamaliza shughuli, kwa hiyo waliswali chumbani kwa Alhaji, meneja wa hoteli amesimama mlangoni akiwaomba washushe sauti asije akaitiwa polisi. Alhaji hakuwaambia habari ya simu. Nami sikuwaambia. Nilikusudia kuwaambia, nikafika mpaka mlangoni, nikakumbuka miguu yangu chini ya mlango ule ule. Mama mkubwa hakwenda. Wala ile Jumatatu hakufunga; siku ya Idi ya watu, alisema, haifungwi hata kama si yako.

Jumanne alifunga. Aliilipa ile siku moja, na sukari yake, katika mji ulioanza kufungua milango. Tokea asubuhi nilisikia mikokoteni imerudi barabarani. Nilikaa chumbani siku nzima nikimlinda, kikombe cha sukari tayari. Mchana nilisimama niende ngazini.

"Kula hapa hapa," akasema bila kufungua macho.

Nilimenya yai langu mezani, mbele yake. Nililimaliza.

Jioni ilikuwa ya mawingu kama jioni zote. Jua halikuonekana likishuka, mwanga ulipungua tu. Nilikuwa na jedwali la msikiti na saa yangu ya mkononi, niliyoirekebisha kwa redio. Dakika ilipofika nikamwambia, "Jua limezama, mama. Futuru."

Alikuwa ameshika tende. Hakuipeleka mdomoni.

"Limezama," nikarudia. "Limepita dakika mbili."

Aliinuka, akajishikiza ukutani, akaenda dirishani. Alitazama nje muda mrefu, kule ambako hakukuwa na kitu cha kuona ila taa za Huanshi Zhonglu. Mlango ukagongwa, akaingia dada wa ghorofa na chupa ya maji ya moto. Mama mkubwa alimgeukia. Hakujua neno la Kichina zaidi ya la kukataa bei. Akanyoosha kiganja hewani, akakishusha taratibu mpaka chini ya meza kama jua linalotua, akainua nyusi.

Dada wa ghorofa alitazama dirisha, akatazama saa yake, akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mama mkubwa akaitia tende mdomoni.